Kilatini au Kihispania nyumbani: mtaala upi ununue kwanza

Seti yangu ya kwanza ya Kilatini niliinunua kwa macho. Jalada zuri, ramani za rangi, askari wa Kirumi kila ukurasa wa tatu. Wiki ya tatu mwanangu akaniletea daftari nisahihishe, ndipo nikagundua kwamba majibu yanauzwa katika kitabu kingine, na kitabu hicho kilikuwa kimekwisha. Tukabaki watu wawili tusiojua Kilatini, tunabishana juu ya herufi ya mwisho ya neno. Seti ile iko juu ya kabati hadi leo, jalada bado linang'aa.

Tangu siku hiyo sianzi na mtoto ninapochagua mtaala, naanza na mwalimu, yaani mimi. Mtu asiyejua lugha hii ataweza kuifundisha kesho asubuhi? Majibu yamo? Kuna sauti ya kusikiliza? Kisha nauliza jambo ambalo wauzaji hawaligusi: kitabu hiki kimeegemea Kiingereza kiasi gani?

Swali hilo la mwisho lina uzito kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Karibu mitaala yote hii imeandikwa kwa mtoto anayewaza kwa Kiingereza, kwa hiyo inatumia kurasa nyingi kutibu ugonjwa ambao wa kwetu hana. Kitabu kinahangaika kueleza jinsi neno moja, *amo*, linavyobeba mtu na tendo pamoja. Mtoto wa Kiswahili anasema napenda, unapenda, anapenda tangu hajaota meno ya mbele. Mwambie *amo, amas, amat* ni hivyohivyo, ila Warumi wanamtaja mtu mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni, basi somo limekwisha. Upatanisho wa kivumishi na nomino? Aliyezoea "vitabu vipya" hashtuki kwa *libros nuevos* ya Kihispania. Hata *ser* na *estar*, namna mbili za Kihispania za kusema "kuwa", zinazowatoa jasho wengine, sisi tuna mlango wa kuingilia: *es médico*, ni daktari, *está en casa*, yuko nyumbani. Mlango huo haufungui vyumba vyote, maana "amechoka" nayo inakwenda na *estar*, lakini mtoto anaanza akiwa ameshaingia ndani.

Penye shida ya kweli ni kwingine. Geuza "msichana anampenda mvulana" umtangulize mvulana, na mapenzi yamebadilisha mwenyewe. Katika Kilatini, *puella puerum amat* na *puerum puella amat* ni habari ileile, kwa sababu anayependwa anajulikana kwa kiishio, yaani mwisho wa neno lake, hata ukimweka wapi. Hapo ndipo mtoto wetu hukwama, na hapo ndipo mtaala unapaswa kutembea polepole. Kabla ya kulipa, tafuta kurasa za mfano, ruka somo la kwanza (la kwanza huwa tamu kila mahali), ukasome pale viishio vinapoanza. Kama vimemwagwa vyote kwenye jedwali moja, kitabu hicho kiache.

Kwa Kilatini, namba moja naipa *Getting Started with Latin* ya William Linney, kwa mtoto wa miaka tisa au kumi na kuendelea. Ni kitabu kimoja tu, kina masomo 134 mafupi, kila somo linaleta jambo jipya moja na sentensi chache za kutafsiri, majibu yako nyuma, na sauti zake hutolewa bure. Sura yake haivutii hata kidogo. Picha ukizitaka, chora mwenyewe. Lakini mzazi anaweza kumtangulia mtoto kwa somo moja tu na bado akaonekana mwalimu. Maelezo ni ya Kiingereza, ila mepesi, na sentensi tunazitafsiri moja kwa moja kwa Kiswahili, hakuna anayekukataza.

Kikiisha, nenda *Familia Romana* ya Hans Ørberg, kitabu cha kwanza cha *Lingua Latina per se illustrata*. Ningeweza kukiweka namba moja kama si umri: chini ya miaka kumi na miwili hivi, sura za katikati zinachosha. Kina sura 35 na hakuna neno hata moja la Kiingereza; kila kitu kinaelezwa kwa Kilatini chenyewe, picha ndogo za pembeni na mpangilio wa sentensi. Kwa familia ya Kiswahili hiyo ni faida kubwa, kwa sababu hapa hatutangulii wala hatuchelewi, sote na Wazungu tumeanzia mstari mmoja. Ukurasa wa kwanza unasema Roma *est* katika Italia, halafu Italia na Ugiriki *sunt* katika Ulaya. Mwanangu aliziba mstari kwa kidole, akafikiri, akasema, "*Est* ni mmoja, *sunt* ni wengi." Sikuwa nimefundisha lolote. Tahadhari: majibu ya mazoezi hayamo ndani ya kitabu. Yaagize siku hiyohiyo, usije ukawa kama mimi.

Namba tatu ni *First Form Latin* ya Memoria Press. Hii inamfaa mzazi anayetaka kuambiwa afanye nini kila siku, na mtoto asiyechukia kukariri kwa sauti. Kuna mwongozo wa mwalimu, kitabu cha mazoezi, majaribio na video. Vipande ni vingi, na kila kipande kinalipiwa. Matamshi yake ni ya Kanisa, kwa hiyo Caesar anasomwa "Chezar". Matamshi ya kale yanamwita "Kaisar", karibu kabisa na Kaisari wetu. Chagua moja na usichanganye. Linney anakupa yote mawili.

*Minimus*, panya anayeishi na familia ya Kirumi Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, ni katuni nzuri kwa wa miaka saba au minane. Inunue kama kionjo, usiihesabu kuwa mtaala. *Wheelock's Latin* ya mwaka 1956 iliandikwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, iache huko mpaka kijana aiombe mwenyewe.

Kihispania kinataka hesabu nyingine. Kilatini unaweza kukisoma kimyakimya. Kihispania kina watu wanaokusubiri uwajibu. Kwa hiyo hapa namba moja si kitabu. Ni mwalimu wa kuonana naye kwa video, nusu saa mara mbili kwa wiki, na katikati ya vipindi mtoto anatazama video za Dreaming Spanish, zilizopangwa kuanzia kwa asiyejua neno hata moja, mwalimu akichora na kuigiza huku anaongea. Irabu tano ni zetu zilezile, *ñ* ni *ny* yetu, *j* inakaribia *kh* ya kheri. Mtoto wetu akisoma kwa sauti anaeleweka mapema, na hilo humpa moyo kuliko zawadi yoyote.

Namba mbili, kama mwalimu hapatikani au bajeti imebana: Language Transfer, masomo 90 ya sauti, bure kabisa, kwa kijana wa miaka kumi na miwili kwenda juu. Mwalimu anauliza, unasimamisha, unajibu. Huandiki chochote. Kasoro ni kwamba yameegemea Kiingereza mno, yanajenga maneno ya Kihispania kutoka maneno ya Kiingereza, kwa hiyo mtoto ambaye Kiingereza chake bado kinachechemea atapotea. Huyo mpe *Getting Started with Spanish* ya Linney yuleyule, mkae pamoja.

Programu za simu za kubonyeza maneno naziweka mwisho. Moja tuliitumia miezi mingi, mtoto akakusanya nyota, kisha mgeni akamwuliza jina lake kwa Kihispania, akanitazama mimi.

Ukinunua vilivyotumika, hakikisha kitabu cha mazoezi hakijajazwa kalamu, na kwamba toleo la mwanafunzi na la majibu ni moja, maana namba za mazoezi huhama toleo jipya likitoka. Na usinunue ngazi ya pili kwa kufuata punguzo. Subiri ya kwanza ifike nusu.