TAHADHARI: Muuzaji wa matairi ya pikipiki kubwa, Kariakoo. Ameniuzia kifo

Ndugu zangu, nimekaa siku nne najiuliza niandike au ninyamaze, maana aibu imenikaba. Nimeendesha pikipiki miaka kumi na tisa. Nyie wenyewe mnanipigia simu kuniuliza mnunue tairi gani. Na mimi huyu nimeuziwa tairi la mwaka 2014 kwa bei ya jipya, nikashukuru, nikampa na hela ya soda kijana aliyelifunga.

Nilikuwa na safari ya Mbeya na mke wangu. Matairi ya GS, BMW yangu kubwa, yalikuwa hoi, nikaenda nayo hivyo hivyo dukani. Muuzaji akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma taratibu kama daktari. Akasema, "Kaka, wewe unakula sana lami iliyonyooka. Ona katikati palivyokuwa bapa." Kweli. Akanionyesha upande wa kulia umelika kuliko wa kushoto, akaeleza kwamba sisi tunaoendesha kushoto, kona za kulia tunazipiga kwa duara refu zaidi, kwa hiyo mpira wa upande huo unafanya kazi zaidi. Kweli. Akaja tairi la mbele, lilikuwa na mawimbi, kipande kimoja cha mpira juu kingine chini. Akauliza upepo najaza ngapi, akasema mawimbi yale ni upepo mdogo na shokapu zilizochoka, na kwamba nikimpakia shemeji yake na masanduku nijaze 36 mbele na 42 nyuma. Namba za kitabu cha pikipiki nazijua, zilikuwa sawasawa.

Ndiyo maana nilimwamini. Msiniambie nilikuwa mjinga. Mtu amekwambia kweli tano mfululizo, ya sita utaichunguza vipi?

Akatoa tairi la nyuma, saizi 150/70-17, limefungwa nailoni. Akalichana mbele yangu. Linang'aa, vinywele vya mpira vimejaa juu yake, vile vinavyokuwa kwenye tairi ambalo halijawahi kugusa barabara. Akanishika mkono, akaniwekea kidole gumba juu ya vile vinywele: "Gusa mwenyewe." Nikagusa. Simu ikaita, akaongea kwa sauti kwamba kuna mteja wa Arusha anatuma hela saa nane alichukue. Nikalipa shilingi 520,000 kwa simu, papo hapo. Risiti akasema mashine haina mtandao, nipite kesho.

Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya Iringa, manyunyu tu, wala si mvua. Kona ya kushoto, mwendo wa kawaida, nyuma ikaondoka kama nimekanyaga mafuta. Tukaserereka hadi kwenye kingo, lori linashuka. Shemeji yenu yuko nyumbani na bandeji ya goti, na hadi leo hataki kuisikia pikipiki.

Fundi wa Iringa alikwangua kwa ukucha stika ya bei iliyobandikwa ubavuni. Chini yake: 3014. Wiki ya 30, mwaka 2014. Halijawahi kutumika, ndiyo, lakini limekaa kwenye jua miaka yote hiyo hadi mpira umekuwa mgumu kama gamba. Ule mng'ao ni mafuta ya kupaka, na chini ya mafuta nyufa zimejaa kwenye mifereji. Vinywele havisemi umri!

Nimempigia. Anasema nililikagua mwenyewe. Nikapiga tena, kanifungia namba.

Huyu afungiwe duka. Si kurudisha hela tu, afungiwe, na TBS, Shirika la Viwango, wapite wapekue kila tairi lililomo mle, maana yako mengi, niliyaona yamepangwa hadi darini. Polisi nimeshafika, jina lake siliweki hapa hadi shauri liende mbele. Mtu anayejua kona ya kulia inakula tairi kwa nini, anajua pia mpira mkavu unafanya nini kwenye lami iliyolowa. Alijua. Aliniona na mke wangu tumesimama pale na kofia mkononi, na akauza.

Mkienda kununua, tafuteni herufi DOT na namba nne za mwisho kabla ya lolote. Stika ikiwa juu yake, ibandueni hapo hapo. Bonyezeni ukucha kwenye mpira, na pindueni mifereji mtazame nyufa. Akikataa, ondokeni. GS za saizi kama yangu nyuma inataka 69V, yaani uzito na kasi ambayo tairi linahimili, msikubali pungufu. Na risiti, jamani.

Mwenye tairi kutoka duka hilo miezi hii anitafute leo, kabla hajapanda Kitonga.