Mabosi 25 wa Fontainebleau: uzoefu wangu wa kukimbia kwenye msitu wa karibu na Paris

Niseme mapema ili usije kunilaumu: kama unatafuta sehemu ya kupiga kilomita kwa spidi halafu saa ikupongeze, msitu wa Fontainebleau, hasa njia yake ya vilima 25, sio kwako, baki zako mjini zunguka mto. Mi nimeenda mara tatu mwaka 2025, mbili kwa treni na moja kwa gari ya mshkaji, na mara zote tatu muda wangu ulikuwa wa aibu, ila ndo sehemu pekee huku Ufaransa ambayo nikikimbia nasahau kabisa kuangalia saa.

Kwanza mjue mwenzenu sio mwanariadha. Kazini wakisikia natoka Afrika Mashariki wanajua tayari kwamba nakimbia marathoni, nimeshaeleza mpaka nimechoka kwamba wale ni Wakenya, tena sio Wakenya wote, mi ni Mtanzania wa Lushoto na shuleni nilikuwa golikipa. Sasa mmoja wao akaniambia kuna msitu una vilima vya kufa mtu, nikaenda kucheki kwenye ramani, nikakuta kilima kirefu kuliko vyote hata mita 150 juu ya usawa wa bahari hakifiki. Nikacheka sana. Lushoto mjini pale sokoni tu uko kama mita 1,400, ukienda Irente ndo usiseme. Nikajisemea hawa wazungu kilima hawakijui. Dharau hiyo niliilipia.

Mara ya kwanza nilipanda treni ya Laini R pale Paris, stesheni ya Gare de Lyon, dakika kama 40 unashuka Fontainebleau-Avon, na tiketi ilikuwa euro 2.50 kwa sababu mwaka huo walifanya bei iwe moja kwa mkoa wote. Ukitoka stesheni msitu uko hapo hapo, hutafuti. Nikafuata alama za bluu mpaka kwenye mnara wa Denecourt, ni mnara wa mawe umekaa juu ya kilima, unapanda unaona miti tu kila upande mpaka macho yanachoka. Hii njia naishauri kwa mtu anayeanza, mpando wake una adabu, unakusalimia kwanza kabla haujakupiga.

Huyo Denecourt mwenyewe ana stori nzuri bwana. Alikuwa mwanajeshi wa Napoleon, baada ya mambo ya vita akaja kuishi huku, na kuanzia 1842 akawa anatengeneza vijia msituni na kuchora alama ili watu wa mjini watembee bila kupotea, akatengeneza zaidi ya kilomita 100, tena kwa sehemu kubwa kwa hela zake mwenyewe na za vitabu vya mwongozo alivyokuwa anauza. Yaani hizi alama za njia tunazozifuata leo kwenye misitu ya huku, yeye ni miongoni mwa walioanzisha huo mtindo. Na wachoraji nao walikuwa wamejaa kijiji cha Barbizon pembeni ya msitu, wakapiga kelele mialoni ya zamani isikatwe, mpaka 1861 serikali ikatenga zaidi ya hekta 1,000 zisiguswe kwa ajili ya sanaa, hiyo ni kabla hata Wamarekani hawajafanya Yellowstone hifadhi. Ukiwa unapita kwenye ile mialoni mikubwa unaelewa kwanini waligombana.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe niliyokuja kuiongelea. Inaitwa 25 Bosses, kwa Kifaransa "bosse" ni nundu, lakini mi nilivyoiona imeandikwa nikasoma mabosi 25, na nakwambia ukweli hilo jina linafaa zaidi, kila kilima kinakusubiri kikuoneshe nani mkubwa. Iko upande wa Trois Pignons, magharibi ya msitu mkubwa, ni mzunguko unaoishia ulipoanzia, na kwa treni ni shida kufika kwa hiyo ndo nikamuomba jamaa yangu wa Bukavu mwenye gari. Tukapaki karibu na makaburi ya Noisy-sur-École, wengi wanaanzia pale, jamaa akaangalia makaburi akaangalia njia akaniambia "ndugu, hii parking walichagua na akili."

Saa yangu ilisoma kilomita 16 na kidogo, na mipando yote ukijumlisha ikafika mita 750 hivi. Hapo ndo nikaelewa kosa langu. Lushoto unapanda mlima mmoja, mrefu, mwili unazoea, unapata pumzi yako ya kupandia unatulia nayo mpaka juu. Huku hakuna kutulia. Unapanda dakika tatu nne, mapafu ndo yanaanza kufunguka, umefika juu, unashuka kwenye mawe unayotakiwa kuyaangalia moja moja la sivyo unavunja mguu, chini kuna mchanga mita hamsini unavuta miguu kama uko ufukweni, halafu unapanda tena, na hivyo hivyo mara 25. Kuna sehemu hukimbii kabisa, unashika mwamba kwa mikono. Kwenye nundu ya tisa au ya kumi, sina hakika maana nilishaacha kuhesabu, mwenzangu akakaa juu ya jiwe akauliza "eh kaka, hii mulima ni ya ngapi sasa?" nikamdanganya nikasema ya kumi na tano.

Lakini uzuri wake jamani. Mawe makubwa ya kijivu yamekaa hovyo hovyo kama mtu alimwaga gunia, mengine yana umbo la tembo, la kobe, katikati yake mipaina na mchanga mweupe kabisa. Mchanga huo ni wa bahari, miaka milioni 30 na kitu iliyopita hapa palikuwa bahari, na sisi tulitoka kidogo kwenye njia tukaenda kuona uwanja mmoja wa mchanga unaitwa Cul du Chien, maana yake matako ya mbwa, sitanii, ndo jina rasmi lililoko kwenye ramani. Mtu wa pwani akitupwa pale amefungwa macho, akafunguliwa, atauliza maji yameenda wapi. Njiani pia kuna msalaba wa Lorraine juu ya mwamba, kumbukumbu ya wapiganaji wa siri waliokuwa wanapokea silaha za kudondoshwa na ndege wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale tulisimama muda mrefu kidogo, sababu moja heshima na sababu ya pili pumzi.

Kuhusu alama: njia nzima ina mstari mwekundu, kwenye miti na kwenye mawe, na mara nyingi unaonekana vizuri. Tatizo ni kwamba huu msitu ni maarufu sana kwa watu wa kupanda mawe, utawaona wamebeba magodoro ya kuangukia mgongoni na mikono imejaa chaki, na wao nao wana alama zao kwenye mawe hayo hayo, vimshale na namba, kuna za njano, za bluu, za machungwa, na ndio, nyekundu pia. Mi nimekazana nafuata wekundu wangu kwa kujiamini, nikaja kugundua nimesimama mbele ya jiwe refu kuliko mimi mara mbili na kuna dada kaning'inia juu yake ananiangalia kwa huruma. Kwa hiyo kumbukeni: mstari ni wa kwenu, mshale wenye namba sio wa kwenu.

Kilichoniudhi ni kelele. Barabara kuu ya A6 inapita kando kabisa ya Trois Pignons, na kwenye baadhi ya vilele umefika juu, upepo mzuri, umefumba macho usikie ndege, unasikia malori. Pia jumapili kukiwa na jua watu ni wengi, kwenye vijia vyembamba unasema pardon kila dakika mbili, nendeni asubuhi mapema au katikati ya wiki.

Maji hakuna. Narudia, kwenye mzunguko wote hakuna bomba, hakuna kibanda, hakuna mama wa mihogo, mi nilibeba lita moja na nusu na iliisha kabla hatujamaliza. Viatu viwe vya kushika mwamba maana mvua ikinyesha yale mawe yanateleza kama sabuni, siku hiyo usiende kabisa. Kupe wapo kuanzia masika yao mpaka vuli na wanaleta ugonjwa wa Lyme, ukifika nyumbani jikague hasa nyuma ya magoti na kwapani, famasi za huku wanauza kindoano cha plastiki cha kuwang'olea, bei ya kawaida tu. Na kuanzia vuli mpaka kwenye baridi kuna siku za uwindaji, ukikuta kibao kimeandikwa chasse geuza, usijifanye mjuaji.

Nyota zangu ni 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya malori ya A6. Na kabla hujaingia kwenye gari ya mtu vua viatu ukung'ute vizuri, soksi pia, ule mchanga ni laini kama unga na mi sikufanya hivyo, mpaka leo jamaa wa Bukavu akiukuta kwenye kapeti ananipigia picha ananitumia, hasemi kitu, picha tu.