Hulk na Iron Man sebuleni kwetu

Niseme kwanza: PlayStation 4, mashine ya michezo ya video, haikuingia nyumbani kwa kupenda kwangu. Hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (mtaa mkubwa wa mji) iitwayo Kenya, jirani yetu kuna chumba cha michezo ambako watoto hulipa kwa kila mechi, na mwanangu mkubwa, wa miaka 11, alikuwa akiacha bukari (ugali) ipoe mezani. Nikaona heri mchezo uwe ndani, machoni pangu. Tukanunua mashine iliyokwisha kutumika kwa dola 150, na maneti zake mbili, yaani vishikio vya kuchezea.

Diski ya kwanza ilikuwa Marvel's Spider-Man ya 2018. Aliyeifaidi ni baba yao. Kubembea kwa utando kati ya maghorofa ya Manhattan hata mimi kulininogea, sifichi. Lakini jalada lake lina alama ya Ulaya ya miaka 16, na mwanangu mdogo ana 7. Halafu ni ya mchezaji mmoja, kwa hiyo mmoja anacheza, mwingine analia. Tukaibadilisha sokoni, tukapata Lego Marvel Super Heroes ya 2013, ambayo wawili wanaweza kucheza pamoja na jalada linasema 7.

Hiyo ndiyo ninayoisifu. Inaanzia kituo cha treni cha New York, mashujaa Hulk na Iron Man wakimkabili adui Sandman. Hulk ana nguvu za kung'oa vitu vizito vyenye vishikio vya kijani, ila haruki angani. Iron Man anaruka, na makombora yake yanavunja vitu vya rangi ya fedha. Hakuna anayefika mbali peke yake. Siku ya kwanza wanangu hawakulijua hilo, wakatwangana wenyewe kwa wenyewe (mchezo unaruhusu) mpaka vipande vikatapakaa. "Mama, yaya anakatala kuinua!" mdogo akamshtaki kaka yake. Baada ya nusu saa nikiwa nje kwenye makala (jiko la mkaa), nikasikia: "Weye Hulk, inua ile, mi napita juu." Hawa ni watoto ambao hata kupeana chumvi ni vita.

Jingine: ukiuawa unapoteza vijisarafu tu, unainuka palepale. Mdogo, ambaye akishindwa karata anazitupa ukutani, hapa anacheka na kuendelea. Na maelekezo tumeyaweka kwa Kifaransa. Jioni moja aliniuliza "maintenir" maana yake nini, kumbe alikuwa hajui kwamba kitufe kinashikiliwa, hakiguswi mara moja. Neno hilo hatalisahau.

Kasoro zipo. Wachezaji wakiachana, skrini inagawanyika kati kwa mshazari na kuzungukazunguka, kichwa kiliniuma. Umeme ukikatika ghafla, mashine ikiwaka tena inalalamika na kukagua hifadhi yake, nasi tunarudia sehemu tuliyokwisha maliza. Tumenunua kifaa cha kutuliza umeme; hakizuii kukatika, ila kinaikinga mashine umeme ukipanda na kushuka, hilo usilikwepe. Na kagua diski kwenye mwanga kabla ya kulipa, yetu ya pili ilikuwa na mikwaruzo na muuzaji akaapa si yeye.

Kwetu wanacheza Jumamosi na Jumapili, kwa muda wa saa mbili, baada ya madaftari.

Kuruka angani ndiko kunakosumbua kuliko yote: kupanda kitufe hiki, kushuka kile, kasi kingine. Nimenyang'anywa Iron Man kwa sababu namgongesha kila ghorofa. Siku hizi wananipa Captain America, anayetembea kwa miguu.