TAHADHARI: "Mhariri" wa siku 3 na ISBN za kubuni

Mnaoandika riwaya ya kwanza, hasa ile ya mtoto anayekua, kaeni macho na tangazo linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Nahariri mswada siku 3, napanga kurasa, nakupa ISBN, nakuweka Amazon. Malipo kabla ya kazi." (ISBN ni namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu.)

Pigeni hesabu. Maneno 60,000 ni kama kurasa 240. Mhariri wa lugha anayesoma kweli hupita kurasa sita au saba kwa saa, kwa hiyo ni saa 35 hivi kwa mpito mmoja tu. Huyu wa siku 3 hasomi. Anapitisha mswada kwenye programu ya tahajia au akili mnemba, anakubali kila pendekezo, anakurudishia.

Utamjua kwenye mazungumzo. Mtoto wa miaka 12 aliyesema "Mie staki, kamwambie babako" anarudi na "Mimi sitaki, nenda ukamwambie baba yako", kama msoma taarifa ya habari. Makosa yenyewe hayajaguswa: mhusika wa Tanzania anafanya mtihani wa darasa la saba mwezi Machi (hufanyika Septemba), sura ya pili ana miaka 13, miezi minne baadaye ana 15. Riwaya ya aina hii inasimama juu ya umri. Anayeijua kazi huchora kwanza jedwali la miaka, madarasa na matukio, ndipo aguse koma.

Kabla ya kulipa, mpe kurasa 5 za katikati. Si za mwanzo, maana hizo ulishazipiga pasi mara kumi. Badilisha jina la mhusika, tuseme shangazi, mahali pamoja tu, kisha ufiche kosa moja la umri, uone kama atayagundua. Dai faili la Word ambamo kila sahihisho linaonekana, na maswali pembeni. Akileta PDF safi na "nimeshanyoosha kila kitu", achana naye. Akiomba ujira mdogo wa sampuli, hilo halina ubaya.

ISBN Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na shirika la maktaba ya taifa, KNLS. Ukipewa namba, ipime: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo hadi ya 13, kisha jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba si halali. Ikigawanyika, itafute mtandaoni bado; wengine hunakili ya kitabu cha mtu.

"Ada ya Amazon" haipo. KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, haitozi kufungua akaunti wala kupandisha kitabu, hukata chake kwenye mauzo. Akaunti ifunguliwe kwa jina lako, la sivyo mrabaha (malipo ya mwandishi kutokana na mauzo) utaingia kwake.

Mkataba usomeni hadi mwisho. Kifungu cha "haki zote" kwa mhariri kifutwe. Kwa sheria ya Tanzania hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Lipa kwa mafungu matatu: mwanzo, nusu ya mswada, na ukishapokea faili.

Aliyekwisha kutuma pesa apige huduma kwa wateja wa mtandao wake wa simu sasa hivi aombe muamala uzuiwe. Usifute ujumbe wa malipo wala zile sauti za WhatsApp, polisi watazitaka.