Vitabu vya historia na siasa zetu: uanze na kipi?

Mtu akiniomba nimtajie kitabu kimoja cha historia ya siasa zetu, humtajia viwili. Kitabu cha historia ni shahidi, na shahidi mmoja hatoshi, hasa akiwa anasimulia mambo yake mwenyewe. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia mambo mawili: kitabu kinavyosomeka pamoja na mwenzake anayempinga, na mfuko wa mnunuzi.

Cha kwanza ni "Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu" cha Ali Hassan Mwinyi, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2021. Nakiweka juu kwanza kwa sababu ni cha Kiswahili. Mzazi wako anaweza kukisoma, na mwanao wa sekondari pia, kisha mkazungumza mezani. Usiruke habari za kujiuzulu kwake uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, baada ya washukiwa wa mauaji ya vikongwe huko Shinyanga kuteswa na wengine kufia mikononi mwa maofisa wa serikali. Yeye hakumgusa mtu, lakini aliachia ngazi. Mwaka 1985 akaingia Ikulu, nchi ikiwa na foleni za sabuni na sukari, akafungua biashara, na wananchi wakampa lile jina.

Sasa mwenzake: "Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania" cha Mwalimu Nyerere. Si kipya, kilichapwa Harare miaka ya 1990, na ni chembamba kiasi kwamba unakimaliza kwa jioni mbili. Mwaka 1993 wabunge 55 walitaka iundwe serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mwalimu anawashukia bila kuuma maneno Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba kwa namna walivyolishughulikia jambo hilo, na Rais aliyekuwa madarakani ni huyohuyo Mzee Rukhsa. Ukivisoma mfululizo utaona miaka ileile kwa macho mawili, la aliyekuwa kwenye kiti na la aliyekiacha. Mimi nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mtumba, na kila nikiiona nyingine naichukua nimpe rafiki.

Kwa uzito wa utafiti, hakuna kinachokifikia "Development as Rebellion", wasifu wa Nyerere ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata na kutoka mwaka 2020. Ni juzuu tatu, kwa Kiingereza. Waandishi wanamheshimu Mwalimu lakini hawamlindi: maasi ya jeshi ya Januari 1964, vijiji vya ujamaa, watu waliowekwa kizuizini, yote yamo. Nimekiweka baada ya hivyo viwili kwa sababu ya bei na ukubwa tu. Changishaneni watu watatu, kila mmoja aanze na juzuu yake, kisha mbadilishane.

Anayetaka kuielewa Uganda anunue "Slow Poison" cha Mahmood Mamdani, cha mwaka 2025. Mamdani ni miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anamweka Amin na Museveni kwenye mizani moja, na hukumu anayoitoa kwa Museveni ni kali kuliko wengi watakavyotarajia. Mimi naona amempunguzia Amin mzigo. Kwa hiyo kisome pamoja na "A Popular History of Idi Amin's Uganda" cha Derek Peterson, cha mwaka huohuo, kinachoonyesha jinsi makarani na maofisa wa kawaida walivyoufanya utawala ule usimame. Vya vyuo vikuu vya nje vikiwa na jalada gumu ni ghali. Kama huna haraka, ngoja jalada laini.

Cha Benjamin Mkapa, "My Life, My Purpose" (2019), kinunue kwa ajili ya mauaji ya waandamanaji wa upinzani huko Pemba, Januari 2001. Ni nadra kiongozi wetu kukiri kwa maandishi kwamba jambo fulani ni doa katika utawala wake.

"Cobalt Red" cha Siddharth Kara (2023), kuhusu migodi ya kobalti ya Kolwezi, Kongo, nakiweka mwisho. Madhila yanayosimuliwa ni ya kweli na yanauma, lakini wachimbaji, ambao wengi wao wanasema Kiswahili kama sisi, wanatokea kama watu wa kuhurumiwa tu, na watafiti wa Kongo wenyewe hawasikiki vya kutosha. Azima kwanza.

Kabla ya kutoa pesa, fungua kurasa za mwisho. Kitabu cha historia kisicho na tanbihi wala faharasa kinataka umwamini mwandishi kwa neno lake tu. Jihadhari pia na vile vijitabu vinavyotokea mtandaoni wiki chache baada ya kiongozi kufariki, picha yake kubwa kwenye jalada na mwandishi asiyejulikana. Niliwahi kuuziwa kimoja, na ndani hamkuwa na lolote ambalo magazeti hayakuwa yameshaandika.

Na kama mwezi huu mfuko umekauka, "Revolutionary State-Making in Dar es Salaam" cha George Roberts (2021) kinapakuliwa bure kihalali kwenye tovuti ya wachapishaji wake, Cambridge. Anza na sura ya kuuawa kwa Eduardo Mondlane, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji, Dar es Salaam, Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu.