Kache ya kerneli au diski moja kwa moja?

Studio ya Arusha inayohariri video za safari za Serengeti hushughulika na mafaili ya makumi ya gigabaiti. Seva yake ya Linux inaweza kuyasoma kwa njia mbili.

Njia ya kawaida hupitia kache ya kerneli, yaani sehemu ya RAM ambamo kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) huhifadhi data ya diski kwa muda. Data hutoka diskini, hukaa kwenye RAM katika kurasa ambazo kwa kawaida ni za kilobaiti 4, kisha hunakiliwa kwenda kwenye programu. Ukisoma tena, diski haiguswi. Kerneli pia husoma mbele kabla hujaomba. Ila faili kubwa linalosomwa mara moja tu, kama wakati wa kutengeneza chelezo (nakala za akiba), laweza kuzisukuma nje kurasa zinazotumika kila dakika, na seva nzima ikaanza kusuasua. Tena ukiandika, unaambiwa kazi imekwisha huku data ingali kwenye RAM. Umeme ukikatika kabla ya fsync, amri ya kulazimisha data iandikwe diskini (na kukatika umeme hapa mjini si habari ngeni), data hiyo yaweza kupotea.

Njia ya pili ni O_DIRECT, alama ambayo programu huitaja inapofungua faili; huiruka kache hiyo. Masharti yake ni magumu: anwani ya data kwenye RAM, mahali pa kuanzia ndani ya faili na urefu viwe mafungu kamili ya kizio cha diski, mara nyingi baiti 512 au 4096. Wala haikuondolei fsync, maana diski nayo ina kache yake.

Kwa uhariri, ambapo kipande kilekile hurudiwa, ningebaki na kache. Kwa chelezo za usiku, O_DIRECT, na maombi ya megabaiti kadhaa; kerneli itayakata yenyewe kulingana na kikomo cha diski.