Tahajia ipi ya jina la binti? Tathmini ya orodha ya majina ya Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani

Wazazi wengi huafikiana mapema juu ya jina la binti yao, kisha wakakwama kwenye herufi zake. Jina ni Katherine, hilo halina ubishi tena. Lakini je, lianze kwa C au kwa K, na katikati yake pawe na e, pawe na a, au yote hayo yaachwe na kubaki Kathryn? Anayetafuta msaada wa takwimu mara nyingi huishia kwenye orodha ya majina ya watoto inayotolewa bure na Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, inayofahamika zaidi kwa herufi SSA, kwa kuwa hicho ndicho chanzo ambacho tovuti nyingi za majina hukitegemea. Tathmini hii inahusu swali moja tu: je, huduma hiyo inamfaa mzazi aliyekwisha kuchagua jina lakini hajaamua namna ya kuliandika? Kwa maoni yangu inamfaa sana, ila baada ya yeye mwenyewe kufanya hesabu ambayo orodha haimfanyii.

Chimbuko la orodha hii linapendeza. Katika miaka ya 1990, Michael Shackleford, mtaalamu wa hesabu za bima aliyekuwa mtumishi wa mamlaka hiyo, alikuwa akitarajia mtoto na hakutaka ampe jina lililoenea mno kama lake mwenyewe. Kwa kuwa kumbukumbu za maombi ya kadi za hifadhi ya jamii zilikuwa mikononi mwa ofisi yake, alihesabu majina yaliyomo, na hesabu hiyo ikawekwa wazi kwa umma. Leo takwimu zinaanzia kwa watu waliozaliwa mwaka 1880. Msomaji asidhani kwamba miaka ya mwanzo imekamilika, kwa maana sheria ya hifadhi ya jamii ilipitishwa mwaka 1935, na watu wengi waliozaliwa zamani hawakuwahi kuomba kadi. Kwa vizazi vya karibuni upungufu huo ni mdogo mno kumhangaisha mzazi.

Matumizi yake ni mepesi. Ukurasa una sehemu mbili za msingi: moja humwonyesha mtumiaji majina yaliyoongoza katika mwaka anaouchagua, hadi nafasi ya 1,000, na nyingine humruhusu kuandika jina moja na kuona jinsi nafasi yake ilivyopanda au kushuka kwa miaka. Mtumiaji anaweza pia kuomba orodha ionyeshe idadi ya watoto au asilimia yao, na ningemsihi kila mzazi aombe hivyo, kwa sababu nafasi peke yake hudanganya. Siku hizi jina la wasichana linaloshika nafasi ya kwanza Marekani halifikii hata asilimia 1 ya wasichana wote waliozaliwa katika mwaka husika, ilhali Mary, lililoongoza mwaka 1880, lilikuwa na zaidi ya asilimia 7 ya wasichana walioingia katika kumbukumbu za mwaka huo. Mzazi anayeogopa nafasi ya kwanza ya leo anaogopa kitu kidogo kuliko anavyodhani.

Hata hivyo, penye swali la tahajia pana kizingiti, na mamlaka yenyewe imekieleza bila kificho katika maelezo yake: tahajia tofauti haziunganishwi. Caitlin, Caitlyn, Kaitlin, Kaitlyn, Kaitlynn, Katelyn na Katelynn huhesabiwa kuwa majina saba, na kila moja hupewa nafasi yake. Uamuzi huo ni wa haki kwa mtakwimu, kwa sababu mashine haiwezi kukisia ni majina gani ambayo wenyewe wanayaona kuwa jina moja. Kwa mzazi, matokeo yake ni kwamba jina lililogawanyika katika tahajia nyingi huonekana adimu kuliko lilivyo, na lile lenye tahajia moja huonekana limetapakaa kila mahali.

Tuchukue mfano kutoka faili la kwanza kabisa. Pamoja na kurasa zake za kawaida, mamlaka hutoa faili za maandishi zinazoweza kupakuliwa, moja kwa kila mwaka, na ndani yake kila mstari una jina, herufi ya jinsia na idadi, bila pambo lolote. Faili la mwaka 1880 linafunguka kwa mstari usemao «Mary,F,7065». Ukishuka utamkuta Catherine katika nafasi ya 31 akiwa na watoto 688, na ukiendelea kushuka utamkuta Katherine katika nafasi ya 53 akiwa na 502. Mtu anayezisoma nafasi hizo mbili ataona jina la kati na kati, lisilo na makuu. Sasa zijumlishe: watoto 1,190. Katika mwaka huohuo Clara, aliyekuwa wa 12, alikuwa na 1,226, na Ella, aliyekuwa wa 13, alikuwa na 1,156. Kwa hiyo, tukiyaacha majina mengine yote kama yalivyo, tahajia hizo mbili peke yake zingelipandisha jina hadi nafasi ya 13, na hapo bado hatujamtaja Katharine wala Kathryn. Mambo ni yaleyale kwa Maude mwenye 858 na Maud mwenye 345, ambao wametenganishwa na herufi moja isiyosikika hata kidogo mtu anapoitwa.

Hesabu hii ndiyo kazi niliyosema kwamba mzazi hufanya mwenyewe. Si ngumu, lakini ina mtego mmoja. Sehemu ya kutafuta jina moja huonyesha majina yaliyoingia katika 1,000 bora tu. Ukiandika tahajia iliyo chini ya hapo, unaambiwa haimo katika 1,000 bora, na ni rahisi kuhitimisha kwamba hakuna aitwaye hivyo. Ukitaka kuziona tahajia hizo ni lazima upakue faili, ambamo kila jina lililopewa watoto watano au zaidi kwa mwaka limo. Yale yenye watoto chini ya watano hufichwa kwa ajili ya faragha. Ningependa mamlaka iseme palepale kwenye matokeo kwamba jina lipo kwenye faili; kwa mtu anayelinganisha tahajia, jambo hilo lina uzito kuliko mapambo mengine yoyote ya ukurasa.

Mtu asidhani kwamba ni Wamarekani pekee wanaohesabu hivyo. Ofisi ya takwimu ya Uingereza nayo huhesabu jina kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na ndiyo maana kwa miaka mingi kulikuwa na mabishano kuhusu jina Muhammad, ambalo liligawanyika kati ya Muhammad, Mohammed na Mohammad. Katika orodha ya wavulana ya mwaka 2023 kwa Uingereza na Wales, Muhammad peke yake, bila kusaidiwa na ndugu zake, ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Waliokuwa wamejumlisha tahajia zote hawakushangaa.

Baada ya kujumlisha, kitu chenye manufaa zaidi ni uwiano kati ya tahajia na tahajia. Uwiano huo humwambia mzazi jinsi karani, mwalimu au daktari atakavyoliandika jina la mtoto kabla hajaulizwa. Tahajia moja inapozidi nyingine kwa mbali, atakayechagua ile ya wachache amkubalie binti yake kazi ya kudumu ya kutaja herufi moja moja, na akubali vilevile kwamba kosa dogo kwenye tiketi ya ndege au hati ya kusafiria halitakuwa la kuchekesha. Zinapokaribiana, kama Sophia na Sofia, binti atasahihisha watu vyovyote vile, na mzazi hana haja ya kupoteza usingizi kwa kutafuta iliyo salama. Jina hilo, kwa njia, ni mfano mzuri wa upofu wa orodha: Sophia iliongoza Marekani kwa miaka mitatu mfululizo, 2011 hadi 2013, bila hata mtoto mmoja wa Sofia kuongezwa katika hesabu yake.

Kuna mambo ambayo orodha haiwezi kuyagusa, na ni afadhali mzazi asiyatafute humo. Haielezi jina linatamkwaje, wala familia iliyoliandika inazungumza lugha gani. Sofia ndiyo njia ya kawaida kwa Wahispania na Waitaliano, na Sophia imezoeleka kwa Waingereza na Wajerumani, kwa hiyo uchaguzi kati yao mara nyingi ni uchaguzi wa ndugu gani wataliandika bila kukosea, jambo ambalo takwimu za taifa zima haziwezi kulijua. Alama juu ya herufi hazimo, hivyo Sofía yenye alama humezwa na Sofia isiyo nayo. Vistari na nafasi pia huondolewa: Julie-Anne, Julie Anne na Julieanne huwa kitu kimoja. Anayetaka kujua kama majina mawili yaandikwe pamoja au yatenganishwe hatapata chochote humu.

Wala orodha haitampa mtu tahajia ya asili, na nadhani hapo inafanya vizuri. Wapo wanaoitetea Katharine kwa hoja kwamba ndiyo iliyo karibu na neno la Kigiriki lenye maana ya usafi. Lakini umbo la kale la Kigiriki, Aikaterine, halikuwa na th, na herufi hiyo iliingizwa baadaye kwa sababu watu walilihusisha jina na neno hilo. Catherine Parr, mke wa sita wa mfalme Henry VIII, alitia saini yake kama Kateryn. Chuo cha Cambridge chenye jina la mtakatifu Catherine huandikwa St Catharine's na cha Oxford huandikwa St Catherine's, na hakuna chuo kilichofungwa kwa sababu hiyo. Kati ya tahajia nne za jina hili mimi ningechagua Catherine au Katherine kulingana na kifupi kinachopendwa nyumbani, ningeikubali Kathryn kwa ufupi wake, na Katharine ningeiacha, isipokuwa kama inamrithisha mtoto jina la bibi aliyeliandika hivyo, kwa kuwa a yake ya katikati haisikiki na hakuna anayeikisia.

Kwa majina yenye asili ya Kiarabu orodha inahitaji uvumilivu zaidi. Mariam na Maryam huandikwa kwa namna moja katika hati ya Kiarabu, lakini kwa herufi za Kilatini yametawanyika; vivyo hivyo Aisha, Aysha na Ayesha, pamoja na Aicha inayofuata Kifaransa. Hapa kutumia kisanduku cha kutafutia hakutoshi, na ningeshauri kupakua faili la mwaka mmoja, kutafuta kila tahajia inayokujia akilini, kisha kujumlisha kwa mkono.

Orodha mpya kwa kawaida hutolewa mwezi Mei na huhusu watoto waliozaliwa mwaka uliotangulia. Anayejifungua Aprili, kwa hiyo, anasoma takwimu za watoto ambao wengine wamekwisha kufikisha umri wa miaka miwili. Kwa jina la kale lisilo na haraka, uchelewaji huo hauathiri uwiano wa tahajia kwa kiasi cha kubadili uamuzi. Kwa jina linalopanda ghafla, ni vyema kutazama miaka mitano ya mwisho sambamba badala ya mmoja, ili kuona ni tahajia ipi inayoivuta nyingine.